Kwa Niaba ya Mkuu

Kengele ya mezani ililia saa nne asubuhi, mara moja, na Boru akainuka kwenda kuitikia kabla hajakumbuka kwamba ofisi ile haikuwa na mtu.

Miaka kumi na mmoja alikuwa tarishi wa Chuo cha Biashara hapo Garsen, na kwa miaka yote hiyo kengele hiyo ikilia saa nne maana yake ilikuwa chai. Lakini Bwana Miwani, Mzungu aliyekuwa Mkuu wa chuo, alikuwa ameshapanda meli kurudi kwao na maradhi yake ya ini tangu mwezi wa pili, na sasa ulikuwa mwezi wa sita, mwaka wa 1956. Mlango ulifungwa kwa kufuli, na ufunguo ulining'inia shingoni mwa Boru mwenyewe. Alisimama katikati ya ukumbi akisikiliza. Kisha akafanya jambo ambalo baadaye alilijutia sana. Alikwenda jikoni, akatengeneza chai, akafungua kufuli, akaiweka mezani, akasema, "Chai, Bwana," akatoka.

Saa tano alipokwenda kuchukua kikombe, kilikuwa kitupu.

Hakumwambia mtu. Tarishi mkongwe huogopa kuambiwa amezeeka kuliko anavyoogopa jini. Kesho yake kengele ililia tena, naye akapeleka tena.

Chuo chenyewe kilikuwa nyumba moja ndefu ya bati, iliyojengwa juu ya bonde kavu ambapo zamani mto Tana ulipita, kabla haujahamia upande wa pili kama ulivyo mchezo wake. Wanafunzi wake walikuwa watu wazima wenye ndevu, wenye vijiduka vyao Wenje na Ozi na kwingineko kando ya mto, waliokuja kujifunza kupanga bidhaa, kuandika barua za kuagiza vitu Mombasa na kusema na mteja akapenda kurudi. Waalimu walikuwa watatu. Mkubwa wao alikuwa Mwalimu Mohdhar bin Famau, mtu wa Kipini, miaka hamsini na minne, aliyefundisha barua na adabu za dukani, na ambaye mwisho wa mwezi huo alikuwa astaafu.

Alikuwa amechoka, Mwalimu Mohdhar. Hakuwa na ugonjwa, alikuwa amechoka tu, uchovu wa mtu aliyesema maneno yale yale kwa miaka ishirini na sita. Sanduku lake la bati lilikuwa limeshafungwa kamba. Ndani yake alikuwa ameweka makubadhi mapya aliyojinunulia ya kuvaa akienda msikitini kwao, kama mzee asiye na kazi. Mkewe, Ummi, alikuwa amemwandikia kwa mkono wa mwandishi wa barua: "Wabaadu, paa la jikoni lavuja, vyombo nimevihamishia chumbani, nami nimechoka kulala na sufuria kitandani. Njoo."

Badala ya yeye kwenda, barua ya Bodi ndiyo iliyokuja, na lori la posta lililovuka kwa pantoni. Bodi ilikuwa Mombasa, watu tisa ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kuumwa na mbu wa Garsen. Ilisema kwamba bado inamtafuta Mkuu anayefaa. Kwamba kwa sasa Mwalimu Mohdhar ameteuliwa kuwa Kaimu Mkuu kwa miezi mitatu. Na kwamba kustaafu kwake kutangoja.

Gladys, karani wa chuo, mwanamke wa Kipokomo aliyelelewa misheni na aliyepiga taipu bila kutazama vidole, ndiye aliyemsomea.

"Hongera, Mwalimu," alisema.

"Usinipe hongera, Gladys. Nipe maji."

Siku hiyo hiyo alihamia ofisi ya Mkuu, na hapo ndipo alipofanya kosa lake. Lilikuwa kosa la mtu mwenye adabu, na pengine ndiyo maana lilikuwa baya hivyo. Nyuma ya meza kulikuwa na kiti kikubwa cha Bwana Miwani, cha mbao nyeusi, na mto wa ngozi. Kwao Kipini mtu aliyefunzwa haketi mahali pa mwenye nyumba hata kama mwenye nyumba yuko safarini. Mohdhar alikiangalia kile kiti, akaagiza kigoda kutoka darasani, akakiweka ubavuni mwa meza, akafanyia kazi hapo. Kiti kikabaki kitupu, kimeelekea mlango, kikimngoja mwenyewe.

Na kila barua iliyotoka chuoni, iwe ya kuomba chaki au kumjibu mfanyabiashara wa Malindi, aliitia sahihi yake na juu yake akamwambia Gladys apige: *Kwa niaba ya Mkuu.*

"Mkuu yupi, Mwalimu?" Gladys aliuliza mara ya kwanza. "Si hayupo?"

"Atakuja. Mimi namshikia tu."

Wiki ya pili aligundua kwamba kiti kina joto. Alikipitia asubuhi, mkono wake ukagusa ule mto wa ngozi, ukaukuta una moto wa mtu aliyeinuka sasa hivi. Akajiambia ni jua la dirishani. Ila dirisha lile lilitazama magharibi, na jua halikulifikia mpaka alasiri. Halafu ikaja harufu, ya udongo mbichi, udongo wa chini kabisa wa mto, ule unaopanda na mtego wa samaki. Ilikuwa kiangazi, na ardhi yote ya Garsen ilikuwa imepasuka.

Kisha ile chai. Siku moja Boru aliingia na kikombe saa nne, akamkuta Mohdhar yuko ndani, akababaika. Alikipita kigoda cha Mwalimu akaenda kukiweka mbele ya kiti kitupu.

"Boru, mimi niko huku."

Boru alitazama chini. "Bwana, hii si chai yako."

"Ni ya nani?"

"Ya yeye." Alishusha sauti. "Kengele nalia, mimi nakwenda. Mimi hapana jua nani. Zamani hapa ilikuwa mto, Bwana. Baba yangu nanywesha ng'ombe hapa hapa, chini ya hii nyumba. Mto ile nahama. Lakini mwenye mto, pengine yeye hapana hama."

Mohdhar alitaka kumkemea, ila alikuwa amechoka, na kukemea pia ni kazi. "Miezi mitatu tu, Boru," alisema. "Akija Mkuu, atajua mwenyewe la kufanya na chai yake."

Miezi mitatu ikaisha. Bodi ikaandika: aendelee hadi atakapoarifiwa. Ummi akaandika kwamba ukuta wa jikoni umefuata paa. Mohdhar akamjibu mkewe, akamjibu na Bodi, na kwenye barua ya Bodi, juu ya sahihi yake, kukapigwa *Kwa niaba ya Mkuu*. Jioni alipoichukua aitie kwenye bahasha, aliona juu ya sahihi yake alama ya kidole gumba, kubwa kuliko gumba la mtu yeyote aliyemjua, ya matope yaliyokuwa hayajakauka.

Aliichana ile barua akaandika nyingine, na hakumwambia mtu. Sasa walikuwa wawili wenye siri, na ofisi ndogo hivyo.

Aliyeifichua alikuwa Gladys. Meza yake ilikuwa upande wa pili wa ukuta wa mbao, na Bwana Miwani alizoea kumsomea barua kutoka upande wake, naye akizipiga moja kwa moja. Siku ya Jumatano, Mohdhar akiwa ng'ambo ya mto kupokea magunia ya chuo, Gladys alisikia sauti ya kiume ikimsomea, polepole, sentensi kwa sentensi, na vidole vyake vikaanza kupiga kabla akili haijauliza. Ilikuwa hati fupi. *Mwanafunzi Dhadho wa Wenje afike ofisini saa sita. Kwa amri ya Mkuu.* Aliitoa kwenye mashine, akampa Boru aipeleke darasani, na ni pale aliposikia honi ya pantoni kutoka mbali ndipo alipokumbuka Mwalimu yuko wapi.

Alikimbia. Dhadho, baba wa watoto watano, mcheshi, mwenye duka la chumvi na vitambaa, alikuwa ameshaingia.

Alitoka baada ya muda wa kunywa kikombe cha chai. Suruali yake ilikuwa imelowa mpaka magotini. Aliketi kwenye ngazi za ukumbi akatazama mbele, na walipomwuliza kuna nini, alifungua kinywa, na hakikutoka hata kikohozi. Akajaribu tena. Kisha akaanza kulia bila sauti, na wenzake wote wenye ndevu wakarudi nyuma hatua moja.

Mohdhar alipofika, walimpa Dhadho karatasi. Aliandika: *Aliniuliza nina nini cha kuuza. Nikasema sina kitu, Bwana. Akaniuliza, ulifunzwa nini?*

Mohdhar aliyasoma maneno hayo. Alijua Dhadho alifunzwa nini, maana yeye ndiye aliyemfundisha. Lilikuwa somo la kwanza la kila muhula, na aliwaimbisha kama watoto wa madrasa: usimwambie mteja *sina* ukanyamaza, mwambie ulicho nacho.

Chini yake Dhadho alikuwa ameongeza: *Nikasema, nina sauti yangu tu.*

Siwezi kusema Mwalimu Mohdhar alikuwa shujaa. Alisimama nje ya ule mlango muda mrefu, na alichokuwa akikifikiria ni makubadhi yake yaliyo sandukuni. Lakini Dhadho alikuwa mwanafunzi wake. Saa saba mchana, jua limesimama na kijiji chote kimejifungia ndani kwa joto, aliingia.

Kiti kilikuwa kimegeuzwa. Kilitazama dirisha, mgongo wake mpana ukiwa upande wa mlango, na Mohdhar aliona kwamba ule mto wa ngozi umebonyea, umebonyea sana, na kwamba chini ya kiti sakafu ya saruji ilikuwa nyeusi kwa maji yaliyokuwa yakienea taratibu, yakifuata ufa mmoja hadi mwingine, yakija upande wake, na harufu ile ya udongo ikamwingia puani mpaka akaionja ulimini, na katika ule ukimya ambao hata nzi walikuwa wameuacha, alisikia pumzi, nzito, za mtu asiye na haraka, mtu aliyekuwapo kabla ya nyumba na kabla ya barabara na anayejua kwamba atakuwapo baadaye, na miguu ya Mohdhar ikataka kurudi ila haikurudi, ikawa kama ya mtu aliyesimama mtoni akahisi mchanga unamhama chini ya nyayo.

"Wewe ndiye mwenyewe?" sauti iliuliza. Ilikuwa sauti ya upole, ya mtu wa ofisini.

Mohdhar hakuwahi kusema uongo kazini. "Hapana," alisema. "Nimeshikilia tu."

"Umemshikilia nani?"

"Mkuu. Atakayekuja."

Kiti kikatoa mlio mdogo, kama mtu anapojinyoosha.

"Basi nimeshakuja," ile sauti ikasema. "Umefanya kazi nzuri. Endelea."

*

Gladys alisali usiku na mchana, na hakukubali kukaa tena kwenye meza yake. Boru alikata tawi la mti akaliweka mlangoni kama kinga, kisha akaliondoa mwenyewe kwa aibu. Wanafunzi saba waliondoka bila kuaga. Mohdhar aliandika kwa Ummi, na safari hii hakuficha kitu, na jibu lilikuja baada ya siku nne kwa mkono wa wapiga kasia wa Ozi, pamoja na mwanamke mzee aliyeketi katikati ya mtumbwi na mwavuli mweusi.

Huyo alikuwa Bi Esha wa Ozi, mganga, jamaa ya Ummi kwa mbali. Mohdhar alikuwa ametayarisha kuku weupe, ubani na maji ya waridi, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyosikia hutakiwa. Bi Esha aliwaangalia wale kuku.

"Wapikeni, watu wale," alisema. "Nipani barua."

"Barua zipi, Bibi?"

"Zote mloandika tangu alipoondoka yule Mzungu. Na huyu binti anisomee, mato yangu hayaoni tena."

Waliketi kwenye ukumbi, mbali na ule mlango, na Gladys akasoma. Alisoma nakala moja baada ya nyingine, za chaki, za magunia, za Bodi. Bi Esha alisikiliza na macho yamefumbwa. Baada ya ile ya ishirini hivi aliinua mkono.

"Hilo la mwisho wa kila barua. Lirudie."

"Kwa niaba ya Mkuu," Gladys alisoma.

"Na Mkuu ni nani?"

Gladys alimgeukia Mwalimu.

"Miezi sita hii," Bi Esha alimwambia Mohdhar, bila hasira, "wewe mwanangu waweka kiti, wala huketi. Wapelekewa chai, wala si yako. Waandika kila siku kwamba kuna mkubwa na wewe ni mtumishi wake. Yule alikuwa nusu usingizini chini ya nyumba hii, akigusagusa kengele tu, hana habari na mtu. Wewe umemwamsha kabisa ukampa kazi. Angefanyaje? Ameikubali."

"Mimi niliona adabu, Bibi."

"Najua. Watu wa Kipini mtakufa na adabu zenu." Alijikuna shavu. "Nitafukiza, na nitasoma, lakini hayo hayatoshi. Kiti chataka mtu. Si wa kushikilia. Chataka mtu akae aseme, mimi ndiye mwenyewe, naye aandike kwa jina lake."

"Mimi si Mkuu. Bodi itanifukuza."

"Na ikufukuze. Yule haogopi Bodi."

Mohdhar akauliza lile alilokuwa anaogopa kuliuliza. "Nikishasema hivyo, naye akatoka, naweza kwenda nyumbani?"

Bi Esha alimtazama kwa huruma ya kweli. "Ukisema wewe ndiye mwenyewe, yeye atakushika kwa neno lako. Atangoja nde ya mlango. Kuinuka ukalale si neno, lakini siku utakayoinuka uondoke, mtu mwingine awe ameshasema kwa kinywa chake kwamba ndiye. Asiposema, atarudi, na safari hiyo hatauliza. Kwa hiyo sikiza. Akiya mtu wa kukupokea, usiinuke mpaka aseme. Umenisikia, mwanangu? Usiinuke."

"Nimesikia."

Angeweza kukataa. Mtumbwi ulikuwa pale pale ukingoni, ukirudi Ozi, na kutoka Ozi hadi Kipini si mbali. Alimwaza Ummi na sufuria zake. Nilisema hakuwa shujaa, na alikasirika; alikasirika na Bodi, na Bwana Miwani na ini lake, na maisha yake yote ya kusema *ndiyo, nitaendelea*. Halafu alimwona Dhadho kwenye ngazi, akimwonyesha mwenzake kwa vidole kwamba anataka chumvi kwenye uji.

Waliingia saa sita mchana, Bi Esha mbele na chetezo, Gladys nyuma na mashine ya taipu mikononi kama mtoto. Harufu ya ubani ilipigana na ile ya udongo, ikashindwa. Maji yalifika vifundoni. Kiti kilikuwa kimewatazama sasa, na hakikuwa na mtu, ila Mohdhar alipokikaribia alihisi joto lake kwa hatua tatu, na alipogeuka kuketi, mwili wake wote ukamwambia kwamba anakwenda kukalia mapaja ya mtu.

Aliketi. Akahisi chini yake kitu kikijivuta, kizito na baridi ndani ya lile joto, na mikono miwili ikamzunguka kifuani kutoka nyuma, si kwa nguvu, kwa upole tu, kama mtu anayekushikia usianguke, ikazidi kubana, na maji yakapanda, au yeye alikuwa akizama, hakujua, aliona dirisha liko juu sana na mwanga wake ni wa kijani, na kengele ikaanza kulia mezani, inalia yenyewe, haikomi, na mlangoni Boru, maskini, miguu yake ikaanza kwenda jikoni kwa mazoea huku analia na kushikilia mwimo wa mlango kwa mikono miwili asiende, na ile sauti ya upole ikasema sikioni mwa Mohdhar, "Wewe umeshikilia tu, Mwalimu, umechoka, sanduku lako limefungwa, nenda nyumbani," na hilo ndilo lililomtisha kuliko yote, kwa kuwa lilikuwa kweli na alilitaka.

"Mimi," alisema, na maji yakamwingia kinywani. Akayatema. "Mimi ndiye mwenyewe. Gladys, andika!"

Gladys alipiga magoti majini, mashine juu ya kigoda.

"Kwako uliyeketi hapa. Kuanzia leo kazi yako katika chuo hiki imekwisha. Hukuajiriwa. Biashara uliyofanya na Dhadho wa Wenje imevunjwa, maana muuzaji alidanganywa na mwalimu wake. Rudisha sauti yake leo hii, uondoke."

Alinyoosha mkono, akachukua kalamu. Mkono ulikuwa mzito kana kwamba mwingine umeulalia. Aliandika *Mohdhar bin Famau*, na chini yake, kwa mara ya kwanza katika maisha yake akiandika kitu ambacho si kweli, akaandika *Mkuu*.

Kengele ikanyamaza. Maji yalikwenda kwa mkupuo, yakaingia kwenye nyufa, na sakafu ikabaki na tope jembamba na kambare mmoja mdogo anayerukaruka. Nje, kwenye ngazi, mtu alikohoa. Kisha wakasikia sauti ya Dhadho, imekwaruza, ikiuliza nani kamwekea sukari kwenye uji.

*

Tangu siku hiyo Mohdhar alikaa kwenye kile kiti, akanywa ile chai ya saa nne, ambayo hakuipenda, na akatia sahihi *Mkuu*. Wanafunzi walirudi mmoja mmoja, na Gladys akarudi mezani pake. Bodi iliandika kwa ukali: inashangaa kuona cheo ambacho haikumpa. Hakujibu. Bodi ikaandika tena, kwa ukali zaidi, na mwishowe ikasema anakuja Bwana Mangi, ambaye atakabidhiwa ofisi, na Mwalimu Mohdhar anaweza kustaafu siku hiyo hiyo.

Aliisoma mara nne. Halafu akacheka, na Gladys hakuwahi kumwona akicheka.

Bwana Mangi alifika mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata, na lori la posta. Alikuwa kijana wa miaka thelathini, mwenye suti na tabasamu, aliyesoma Uganda. Lori lingegeuka baada ya nusu saa. Sanduku la Mohdhar lilikuwa mlangoni. Bwana Mangi aliingia ofisini amenyoosha mikono yote miwili, na Mwalimu Mohdhar, aliyefunzwa Kipini tangu utoto kwamba mgeni haamkiwi umekaa, akainuka akampa mkono.

Alikuwa amesimama kabla hajakumbuka.

"Karibu," alisema haraka. "Karibu, kaa. Kaa hapa. Wewe ndiye Mkuu sasa, si ndiyo? Sema wewe ndiye."

Bwana Mangi alicheka. "Polepole, Mwalimu. Bodi bado inatafuta. Mimi ni Kaimu tu, miezi mitatu. Nashikilia." Alikitazama kile kiti kikubwa cheusi, akajirudi nyuma kwa heshima. "Sitaki hata kukikalia. Nitafutieni kigoda."

"Sema wewe ndiye mwenyewe. Neno moja tu. Nakuomba."

"Mwalimu, nitasemaje uongo siku yangu ya kwanza?"

Mlango ulifunguliwa. Boru aliingia na sinia, na uso wake ulikuwa wa kijivu. Juu ya sinia kulikuwa na vikombe vitatu.

"Kengele nalia, Bwana," alisema.

Kengele ilikuwa mezani mbele yao, na wao hawakuisikia. Gladys, upande wa pili wa ukuta, aliacha kupiga taipu, akaja hadi mlangoni. Harufu ya udongo mbichi ilikuja hafifu kutoka chini ya mbao za meza, na Bwana Mangi akakunja pua, akatazama dirishani kama kuna mvua.

Nje lori lilipiga honi. Dereva alipaza sauti kwamba pantoni haingoji mtu.

Mohdhar alilitazama lile sanduku lake la bati na kamba yake. Hakuna aliyejua alisimama hivyo kwa muda gani. Boru alisema ni kitambo, Gladys alisema ni pumzi moja tu. Kisha akaizunguka meza, akaketi kitini kwa nguvu, kama mtu anayewahi nafasi. Kilikuwa na joto. Akajiambia ni joto lake mwenyewe, alikuwa amekikalia asubuhi nzima.

"Mimi ndiye," alisema, akitazama meza. "Bado ni mimi. Bwana Mangi, kigoda kiko pale kando. Utanisamehe."

Boru aliweka vikombe. Mohdhar alichukua chake, Mangi akachukua chake bila kuelewa kitu, na kile cha tatu kikabaki kwenye sinia. Walipokitazama, kilikuwa kitupu, na pembeni mwa kikombe kulikuwa na tope.

"Gladys," Mohdhar aliita. "Mwambie dereva angoje kidogo. Kuna barua ya Kipini."

Boru alimsogezea sanduku, naye akalifungua bila kuinuka, akatoa makubadhi, akayafungua karatasi yake, akayavaa chini ya meza. Yalimtosha vizuri. Kisha akavuta karatasi, akaandika kwa mkono wake mwenyewe:

*Kwa mke wangu Ummi. Wabaadu, mimi siji. Funga jikoni uje wewe. Njoo na mto wa kulalia, mgongo wa kiti hiki ni mgumu.*